Samaki wa Salamu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Vizuri, kwa sababu hadithi ya leo ina samaki wengi na wote wanaliwa na mtu mmoja. Sogeeni. Mwenye moshi machoni ahamie upande huu, na mwenye swali alitunze mpaka nimalize.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa wakipanga foleni moja, palikuwa na gulio lililoitwa Mafiga. Lilifanyika mara moja kila mwezi. Mafiga waliuza chumvi, waliuza majembe, waliuza mikeka, lakini sifa yake ilikuwa mitungi. Mtu akisema ametoka Mafiga, humuulizi amenunua nini. Unatazama kichwani kwake tu.

Wanunuzi wakubwa wa mitungi walikuwa watu wa milimani. Huko kwao hakuna mto wala kisima. Mvua ya masika ikinyesha hukimbilia mabondeni kama mwenye deni, na ikishakwenda, mwaka huo hairudi tena. Basi watu wale walikuwa wakikinga maji ya mvua kwenye mitungi, wakiifukia mpaka shingoni kando ya nyumba, wakiifunika, na kunywa humo kiangazi chote. Kwetu sisi mtungi ukipasuka ni hasara ya mtungi. Kwao ilikuwa hasara ya maji, na maji hayo hayakuwa na ndugu.

Kwa hiyo Mafiga walikuwa na sheria. Mtungi hauuzwi mpaka ugongwe. Mgongaji alikuwa Korongo, kwa kuwa alikuwa na mdomo mrefu na sikio zuri. Aligonga kila mtungi mara tatu: mdomoni, tumboni, kitakoni. Mtungi mzima ulilia ngii, ngii, ngii. Korongo akaupaka alama ya udongo mwekundu, ukaenda sokoni. Mtungi wenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, ulilia bwe, bwe, bwe. Huo Korongo aliuvunja palepale kwa jiwe, na mwenye mtungi hakununa. Alizoa magae yake akaenda kufinyanga mwingine.

Kwa kazi hiyo gulio lilimpa Korongo kikapu cha dagaa kila mwezi, ivunjike mitungi mingi au michache. Dagaa si karamu, lakini Korongo alikuwa na miguu myembamba na hakulalamika. Alama yake nyekundu ilijulikana mpaka milima ya mbali. Mtu wa milimani akiiona, hakuugusa mtungi mara mbili. Aliupandisha kichwani akaondoka.

Sasa akaja Nguchiro.

Nguchiro alikuwa mfanyabiashara mwenye haraka. Mtungi unataka kuanikwa kivulini siku saba kabla ya kuchomwa, yeye aliuanika siku moja juani. Unataka kuni kavu, yeye alitumia kuni mbichi, kwa sababu kuni mbichi zilikuwa karibu. Nyufa zilizojitokeza aliziziba kwa nta na majivu, akapangusa, ikapendeza. Ukiutazama mtungi wa Nguchiro ungetaka kuuoa.

Siku ya kwanza alipoleta mitungi yake kumi, Korongo aligonga na kuvunja tisa. Nguchiro hakununa. Alikwenda kwa Mzee Nyati, mkuu wa gulio, akamkuta amelala kwenye tope mpaka shingoni.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba."

"Mimi mgeni hapa, Mzee. Nataka kujua sheria nisije nikaivunja. Ni kweli kwamba Mgongaji hapewi kitu na mfinyanzi?"

"Hapewi," akasema Nyati. "Mgongaji akiwa anagonga, asipewe kitu. Ndivyo babu zetu walivyosema."

"Akiwa anagonga."

"Akiwa anagonga."

"Na kabla hajaanza kugonga?"

Nyati akafikiri. Hakupenda kufikiri wakati wa tope. "Kabla hajaanza bado hagongi."

"Na akishamaliza?"

"Akishamaliza hagongi tena."

"Ahsante sana, Mzee," akasema Nguchiro. "Kumbe sheria yenu ni nyepesi. Kabla ni salamu, baada ni shukrani, katikati ndiyo hongo."

Nyati akayarudia maneno yale polepole, akayaona mazuri. Jioni ileile aliyatangaza gulioni kabla watu hawajatawanyika, na watu wa Mafiga wakayapenda kwa sababu yalikuwa rahisi kukumbuka. Kabla ni salamu, baada ni shukrani, katikati ndiyo hongo. Akina mama waliyaimba wakitwanga. Tangu siku ile hakuna mtu wa Mafiga aliyewahi kutoa hongo. Walisalimia tu, na wakashukuru.

Wewe unayecheka huko nyuma, cheka taratibu. Kwenu hamna salamu?

Gulio lililofuata Nguchiro alifika na kambale mmoja mnene, bado anatikisa mkia. Akamweka mbele ya Korongo.

"Sitaki kitu, Bwana Mgongaji," akasema. "Ni salamu tu."

Korongo akamtazama kambale, akatazama mitungi. Akagonga. Bwe, bwe, bwe. Akavunja mitungi tisa kati ya kumi, kama mara ya kwanza. Nguchiro akazoa magae, kisha akatoa kambale wa pili.

"Na huyu ni wa nini?" akauliza Korongo. "Si nimekuvunjia?"

"Umenifundisha. Huyu ni wa shukrani."

Korongo akarudi nyumbani na kambale wawili, na kusema kweli alijiona ni mtu mwema. Amekula, na kazi ameifanya. Dagaa wa gulio akawapa majirani.

Mwezi uliofuata Nguchiro alileta kambale watatu. "Sitaki kitu, Bwana Mgongaji. Ni salamu tu." Korongo akala kwanza, kisha akaanza kazi. Tumbo likishiba mdomo huwa mzito. Aligonga, lakini aligonga kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe, taratibu, na pale tu palipokuwa na udongo mnene. Mtungi uliogongwa hivyo haulii ngii wala haulii bwe. Unanung'unika tu. Korongo akajiambia kwamba kunung'unika si kulia bwe. Akaipaka mitungi mitano alama nyekundu.

Mwezi wa baada ya huo Nguchiro alileta kikapu kizima. "Sitaki kitu, Bwana Mgongaji. Ni salamu tu." Siku hiyo Korongo alisema jua linamuumiza macho na kelele za watu zinamzibia masikio, akazungushia wigo wa mikeka mahali pake pa kazi. Humo ndani aligonga au hakugonga, nani alimsikia? Mitungi ya Nguchiro iliingia kumi ikatoka kumi, yote ina alama. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Habari huenda haraka kuliko miguu. Wafinyanzi wengine wakaona kwamba mwenye samaki anatoka mapema, na asiye na samaki anachelewa. Penye udhia penyeza rupia, wakasema, na huku hatuna rupia, tuna samaki. Mmoja akaleta kambale, mwingine akaleta perege, mwingine akaleta mayai akisema ni salamu pia. Wafinyanzi waliokuwa wakianika mitungi siku saba wakaanza kuanika siku nne, kisha mbili. Mtu ataanikaje siku saba na jirani anaanika moja, na alama ni ileile?

Alibaki mmoja. Huyo ni Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa mwanamke mjane mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa na shimo la udongo mweusi kando ya kijito. Mama yake alichimba humo, na bibi yake alichimba humo, na mama wa bibi yake ndiye aliyelifungua. Lakini mashimo ya udongo yalikuwa mali ya gulio, na sheria ya mashimo ilisema hivi: mfinyanzi akipitisha magulio matatu bila kuuza mtungi hata mmoja, shimo lake anapewa mwingine. Sheria hiyo iliwekwa ili wavivu wasikalie udongo. Hakuna aliyefikiri kwamba ingemfikia Bi Nyamizi.

Gulio la kwanza baada ya ule wigo kusimama, Bi Nyamizi alifika na mitungi yake saba, akabisha.

"Ngoja kidogo, Bi Nyamizi," akasema Korongo kutoka ndani. "Jua bado changa."

Akangoja. Jua likapanda, likakaa utosini, likashuka. Watu wa milimani wakafunga mizigo wakaondoka. Korongo akatoka akijinyoosha. Mitungi saba ya Bi Nyamizi haikuvunjwa na haikupakwa alama. Haikugongwa.

Gulio la pili ikawa hivyohivyo. "Ngoja kidogo, Bi Nyamizi. Jua kali." Akangoja mpaka uwanja ukabaki na mbwa na maganda.

Jioni hiyo wifi yake alimfuata nyumbani.

"Wifi," akasema, "unajua kinachotakiwa. Mpe samaki mmoja. Mmoja tu, mdogo. Utapungukiwa nini?"

"Mitungi yangu mizima," akasema Bi Nyamizi.

"Ndiyo maana! Mizima. Samaki hatabadilisha kitu. Utakuwa umesalimia tu. Mkono mtupu haulambwi, wifi yangu."

Bi Nyamizi akaendelea kukanda udongo, akasema, "Mimi nasema ni mizima. Lakini mimi ndiye niliyeifinyanga, na mama hamwoni mwanawe kengeza. Napeleka kwa mgongaji ili anayejua aniambie. Nikimpa samaki, akiniambia ni mizima, nitajuaje kama amesema yeye au amesema samaki?"

Wifi yake alisema anasikia watoto wanamwita, akaondoka.

Siku chache baadaye akaja Nguchiro mwenyewe. Akasimama ukingoni mwa lile shimo, akachota udongo, akaunusa, akausugua kati ya vidole.

"Udongo mzuri sana huu, Bi Nyamizi."

"Mzuri."

"Gulio moja limebaki, nasikia."

"Moja."

"Nimeshamwambia Mzee Nyati kwamba shimo hili nitalitunza mimi," akasema Nguchiro kwa upole. "Usiwe na wasiwasi."

Nguchiro alilitaka shimo lile kwa sababu watu wa milimani walikuwa bado wakiuliza mitungi ya Bi Nyamizi kwa jina. Alidhani siri iko kwenye udongo. Siri ilikuwa kwenye kungoja siku saba, na hiyo ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, ila haikupendeza. Bi Nyamizi alimtazama akienda zake, akaingia ndani, akalia. Nasema alilia, msije mkadhani alikuwa jiwe. Kisha akanawa uso akaendelea kukanda.

Kiangazi kikakolea. Nyasi zikawa manjano, kijito kikawa kamba. Na siku ya gulio la tatu ikafika.

Bi Nyamizi alitangulia watu wote. Alipanga mitungi saba mbele ya wigo, akabisha. "Ngoja kidogo, Bi Nyamizi," akasema Korongo, na safari hii hata jua hakulitaja. Nyuma ya Bi Nyamizi wakaja wenye samaki, wakampita. Akaja Nguchiro na mitungi ishirini, akampita na kumsalimu kwa adabu. Bi Nyamizi akaitikia. Alikuwa akihesabu kivuli cha wigo kwa macho. Kivuli kikifika kwenye njia kubwa, gulio limekwisha, na shimo limekwenda.

Hapo watu wa milimani wakatokea.

Walikuwa wamebeba samli na asali kama kawaida, lakini hawakutua mizigo. Walipita kati ya chumvi wasisalimie, wakapita kati ya majembe wasisalimie, wakapita kati ya mikeka wasisalimie, mpaka mbele ya Mzee Nyati. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Mama Kalunde. Begani alikuwa na gunia. Akalifungua, akalimwaga miguuni pa Nyati.

Yalikuwa magae matupu. Na kila gae la shingoni lilikuwa na alama nyekundu.

"Shikamoo, Mzee Nyati," akasema Mama Kalunde.

"Marahaba, mama. Nini hiki?"

"Hii ndiyo mitungi yenu. Masika tuliijaza, tukaifukia, tukaifunika. Kiangazi tulipofunua, mmoja ulikuwa na tope, wa pili ulikuwa na tope, wa tatu ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa yameshaingia ardhini siku nyingi. Tumekunywa maji ya kwenye nyayo za ng'ombe, Mzee. Ndama wetu wamekufa wote. Watoto wawili wa kaka yangu tumewazika mwezi huu."

Nyati akainamisha pembe. Waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna.

"Hatukuja kugombana," akasema Mama Kalunde. "Miaka mingi tumeiamini alama hii kuliko tunavyoamini macho yetu. Sasa imekuwa rangi tu. Tumekuja kuwaaga kama watu wenye adabu. Samli yetu tunaipeleka kwingine."

Akageuka. Watu wake wakageuka. Gulio lote likaona migongo yao, na kila mwenye duka akajua kwamba ile migongo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Bi Nyamizi akaacha mitungi yake, akasimama mbele ya Nyati.

"Mzee Nyati, nina swali la sheria."

"Wakati huu, Bi Nyamizi?"

"Sheria inasema mtungi ugongwe. Inasema ugongwe wapi?"

Nyati akafikiri, na safari hii hakuwa kwenye tope. "Haisemi wapi."

"Basi leo ugongwe hapa, katikati ya uwanja, watakaokunywa humo wakisikia. Mama Kalunde, mmetembea siku tatu. Ngojeni muda wa kugonga mitungi tu."

Mama Kalunde alisimama. Hakutua mzigo, lakini alisimama.

Nyati akatuma watu wauondoe ule wigo wa mikeka. Ulipoanguka, Korongo alionekana amekaa na samaki kila upande, mkia wa mmoja bado unatokeza mdomoni. Akaumeza haraka. Wakamleta katikati ya uwanja, wakaleta na mitungi ya Nguchiro, kwa sababu ilikuwa ndiyo ya mbele.

Korongo akatazama mtungi wa kwanza. Akatazama watu. Akagonga taratibu, pale penye udongo mnene. Mtungi ukanung'unika.

"Hatujasikia," akasema Mama Kalunde.

Korongo akagonga tena, taratibu zaidi ya mara ya kwanza.

"Hatujasikia," wakasema watu wa milimani.

Korongo akageuza shingo huku na huko, akitafuta mtu wa kumtazama kwa huruma.

"Hatujasikia," likasema gulio zima.

Hapo Korongo akagonga sawasawa. Mdomoni, tumboni, kitakoni. Bwe, bwe, bwe. Kipande cha nta kikabanduka kikaanguka mchangani, na nyuma yake ufa ukaonekana, mpana, ungeweza kupitisha siafu na mzigo wake.

"Mtungi una mafua," akasema Nguchiro. "Asubuhi palikuwa na umande."

Korongo aligonga wa pili, bwe. Akagonga wa tatu, bwe. Ishirini yote ikalia bwe. Iliyofuata, ya wale wenye perege na mayai, mingine ililia ngii, mingi ililia bwe, na waliokuwa wakisukumana kuwa wa mbele wakaanza kusukumana kuwa wa nyuma.

Nguchiro hakuwa mtu wa kuanguka peke yake. "Vizuri," akasema kwa sauti. "Na ile saba pale? Bi Nyamizi anatufundisha kazi, na mitungi yake haijagongwa. Au yeye ni mgonjwa asiyepimwa?"

"Igongwe," akasema Bi Nyamizi.

Korongo aliifuata ile saba kwa hasira. Mtu akiaibishwa, hutafuta wa kugawana naye aibu. Akaupiga wa kwanza kwa nguvu zote: ngii, ngii, ngii. Sauti ikazunguka uwanja ikarudi. Wa pili, ngii, ngii, ngii. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, ngii, ngii, ngii. Watu wa Mafiga wakaanza kutabasamu. Wifi yake Bi Nyamizi akapiga kigelegele kifupi.

Korongo akaugonga wa saba. Bwe.

Akaugonga tena. Bwe. Akaugonga kitakoni. Bwe.

Tabasamu zikaisha. Nguchiro akacheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Mnaona?" akasema. "Mnaona? Sote ni wamoja."

Bi Nyamizi alikwenda mpaka kwenye ule mtungi. Akapiga magoti. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akaugonga tena. Ulikuwa mtungi mzuri kuliko wote saba, wenye michoro ya mistari shingoni. Alikuwa ameuamini kuliko mingine, na kama angeulizwa asubuhi ile angeapa.

"Ni kweli," akasema. "Una ufa. Sikuujua."

Korongo akaokota jiwe, maana kuvunja ni kazi ya mgongaji. Bi Nyamizi akanyoosha mkono akalichukua lile jiwe kutoka kwake. Akaupiga mtungi wake mwenyewe. Ukapasuka vipande vinne.

Ukasikika mlio wa kitu kizito kikigusa ardhi. Mama Kalunde alikuwa ametua mzigo wake wa samli.

"Hiyo sita," akasema, "nachukua yote."

Mtu wa Mafiga akamuuliza, "Mama, hata baada ya kuona ule mmoja?"

"Ni kwa sababu ya ule mmoja," akasema Mama Kalunde. "Mitungi yenye alama tumeiona mingi. Mwenye mtungi akiuvunja mbele ya mnunuzi, leo ndiyo mara yetu ya kwanza."

Watu wake nao wakatua. Wakanunua ile iliyolia ngii, ya kila mfinyanzi, wala hawakuuliza nani alikuwa ametoa perege. Kivuli kilifika kwenye njia kubwa na Bi Nyamizi alikuwa ameshauza. Shimo likabaki lake.

Nyati, ambaye siku hiyo alikuwa amefikiri kuliko mwaka mzima, aliwaita watu. "Kabla, katikati, baada, yote ni hongo," akasema. "Wala sitaki iimbwe. Na Korongo aondoke. Bi Nyamizi, kuanzia leo wewe ndiwe mgongaji."

"Hapana, Mzee," akasema Bi Nyamizi. "Mimi nina mitungi. Leo nimevunja wangu kwa kuwa mlikuwa mnanitazama. Mwaka ujao nitauonea huruma. Mtafuteni asiyefinyanga."

Wakatafuta. Wakampata Kigong'ota, ndege anayejitafutia chakula chake mwenyewe ndani ya miti, na asiyekula samaki. Mpaka leo Kigong'ota hufanya kazi juu, mahali pa wazi, na hugonga kwa sauti hata asiyetaka asikie. Nguchiro alihama. Siku hizi anaishi kwenye vichuguu vilivyojengwa na wengine, na hutoa kichwa kwanza kuangalia kama kuna mtu wa milimani. Korongo alirudi mtoni kuvua, akakuta amesahau. Mmemwona anavyosimama majini kwa mguu mmoja, kimya, asubuhi nzima. Watu husema ana subira. Anajaribu kukumbuka.

Na Bi Nyamizi? Uwanja ulipokuwa ukifagiliwa, aliinama akaokota kitako cha ule mtungi alioupasua, akakipeleka nyumbani. Alikiosha, akapakulia ugali wake humo, akala. Siku ya pili akala humo tena, na siku zote. Wifi yake alimuuliza mwanamke mwenye mikono kama ile anakosaje sahani. Bi Nyamizi alisema sahani anazo.

Ndiyo sababu tunasema mfinyanzi hulia gaeni. Wengi hudhani ni kwa umaskini.

Hadithi yangu imetua mzigo hapo. Aliyeusikia mlio wake auchukue, na asiyeusikia agonge tena.